Mwaka wa Vata na Vasa

Siku Bi Hedwig alipojilaza mlangoni kwa shangazi yangu, kavaa ovaroli ya mwanamume na kanga ya msiba juu yake, waliokuwapo uani, mbali na watu wa mtaa, ni hawa, nami nawataja kama walivyokaa kwenye mikeka. Karibu na jiko alikaa shangazi mwenyewe, Mwajuma binti Kondo, Mzaramo, mwenye nyumba ile ya Temeke. Bega kwa bega naye Bi Salha binti Abeid, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mke wa Mzee Saleh mwenye duka la pembeni. Upande wa wanaume alikuwapo huyo Mzee Saleh, Mwarabu wa watu, mpole, na jirani yetu Mzee Kulwa, Mnyamwezi, ambaye kwa shangazi alikuwa mtani, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za babu zetu. Katikati yao alikaa mfiwa, Bwana Alois, Mjerumani wa kusini kule kwenye milima, fundi wa pampu za maji, mpangaji wa ukumbini mkono wa kulia. Bi Hedwig mwenyewe alikuwa mpangaji wa ukumbini mkono wa kushoto, Mjerumani wa kaskazini kwenye bahari yao ya baridi, mwalimu wa chuo cha ufundi. Na mie, Siwema, mpwa wa mwenye nyumba, msichana niliyeishia darasa la nne, nimejificha nyuma ya nguzo, kwa sababu mambo yale yote nilikuwa nimeyaanzisha mie.

Nimekumbushwa mwaka huu. Sasa nakaa Kinyerezi kwa mjukuu wangu Latifa, na mchana mmoja nimeketi kibarazani nachambua mchele, Latifa akaingia na mzee wa Kizungu, nywele nyeupe pee, fimbo mkononi, anatazama miguu yake asije akajikwaa. Nikamwamkia kwa heshima kama mgeni. Akaniangalia, akasema, "Siwema binti Pazi, mchele bado unauchambua taratibu vilevile, na watu wana njaa." Jamani! Niliuangusha ungo! Ni Bwana Alois! Nilimkumbatia pale pale mbele ya majirani, kikongwe mie, bila haya. Alichokuja kutuambia nitakisema mwisho, maana hakitaeleweka mpaka mjue mwaka ule tuliishije.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, uani jiko la kuni, choo na mpapai. Wale wawili hawakujuana kwao, kila mmoja aliletwa na kazi yake, wakakutana kwa shangazi kwa sababu wote walitaka kujifunza Kiswahili cha nyumbani na siyo cha vitabuni. Sie tulidhani Mjerumani ni Mjerumani. Asubuhi ya kwanza walipokaa pamoja kunywa uji, Bi Hedwig akaomba pilipili manga kwa lugha yao, akasema "peper". Bwana Alois akacheka mpaka uji ukamtoka puani. "Peper! Nani anasema peper? Ni pfefa!" Bi Hedwig akamgeukia, "Kwa mama yangu ni peper, na kwa mama yangu ndiko nilikojifunza kula." Bwana Alois akasema, "Na maji?" Akajibu, "Vata." Jamaa akapiga meza, "Vata! Ni vasa, vasa!" Bi Salha alikuwa akipita na bakuli lake la maziwa, akasimama. "Hawa wagombea nini asubuhi yote hii? Wanitekesha!" Shangazi akasema, "Bi Salha, wewe uliyetoka kwenu na mato usoni, sie tuna macho, utamcheka nani?" Bi Salha akashika kiuno, "Na wewe mwenye nzala tumboni, wenzio wana njaa!" Maana shangazi akikasirika Kizaramo kilimtoka, njaa inakuwa nzala, njia inakuwa nzila. Kicheko kikaenea uani, na toka siku hiyo nyumba yetu ilikuwa hivyo, kila mmoja anamcheka mwenzake kinywa, na chakula kinaliwa.

Ni Bi Hedwig aliyeniambia kwamba haya siyo ya kuchekwa tu. Alikuwa amesomea lugha kwao kabla hajaja kufundisha. Jioni moja tunamenya mihogo akaniuliza, "Siwema, Bi Salha akisema 'mato' wewe unasema macho. Akisema 'mtele'?" Nikasema, "Mchele." "Akisema 'tini'?" "Chini." "Akisema 'kuteka'?" "Kucheka." Akaweka kisu chini. "Nani alikufundisha?" Nikamwambia hakuna, ndivyo anavyosema tu. Akasema, "Hapana. Unajua kanuni. Kwake ni t, kwako ni ch, siyo neno moja, ni maneno mengi yamehama pamoja." Wasomaji wangu, mie niliyetolewa shule nikaambiwa kichwa kigumu, kuambiwa najua kanuni! Niliinuka nikazunguka jiko. Nikarudi nikakaa. Nikasema, "Nipe nyingine."

Basi akanipa za kwao. Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Hakutumia kalamu, alichukua masinia mawili ya shangazi, moja akaliita la kwake, la pili la Alois. Kwenye la kwake anaweka pilipili, anasema peper, kisha anaihamishia la pili, anasema pfefa. Maji kwenye kata, vata, yanahamia kule, vasa. Kuna tunda lao la baridi, tufaha, sie enzi hizo tulikuwa hatujaliona ila kwenye picha, akaweka pera badala yake: apel, likihama apfel. Kutengeneza ni maken, kukihama kunakuwa makhen. Aliposema hiyo kh kama Alois anavyoitoa kooni, Mzee Saleh aliyekuja kuchukua chai akatega sikio. "Huyo Alois ana kha safi kabisa! Angesoma Kurani chuoni kwa maalimu wetu asingechapwa." Akaanza kumpenda kwa kha yake tu, akawa anamwekea sukari ya pembeni dukani ilipokuwa adimu. Bi Hedwig alieleza kwamba zamani sana Wajerumani wote walisema p, t, na k kama kwa mama yake, na kama Waingereza mpaka leo. Kisha kusini kwenye milima sauti zikaanza kuhama, p ikalainika ikawa f, t ikawa s, k ikawa kh, mabadiliko yakapanda kaskazini kijiji hadi kijiji, yakachoka njiani kabla ya kufika baharini. Mie nilikuwa naona kabisa! Nilikuwa naona kama watu wanahama na vyombo vyao kichwani, anayekaa nyumba ya p anahamia nyumba ya f, mtaa mzima kwa mara moja, hakuna anayebaki nyuma.

Kisha ikaja siku ambayo hata nikifa nitaikumbuka. Akasema, "Kwetu meli ni ship. Sikuambii Alois anaitaje. Niambie wewe." Nikafumba macho. Nikafikiri p ikiwa mwanzo wa neno anaipuliza, pf, lakini hii iko mwishoni. Nikasema, "Shif." Akapiga kelele mpaka Bwana Alois akatoka chumbani na sabuni ya kunyolea usoni. "Alois, meli unaiitaje?" "Shif," akajibu, "kuna nini?" Mie nikaanza kuruka! Nililijua neno ambalo sijawahi kulisikia! Hamjui raha yake. Ni kama kuambiwa mlango wa nyumba usiyowahi kuingia uko wapi, unaenda gizani, unausukuma, unafunguka. Nikataka jingine hapo hapo. Akanipa jiwe, kwake ni sten. Nikasema kwa kiburi, "Basi kwa Alois litakuwa ssein!" Wote wawili wakacheka. "Ni shtain," akasema Bi Hedwig. "T ikishikwa mkono na s, haihami." Nikaliweka hilo moyoni. Ikishikwa mkono haihami.

Mambo yaliharibika siku ya Idi. Shangazi alipika pilau ya mbuzi, Bi Salha akaleta kachumbari na sharubati ya ukwaju, wageni wamejaa hadi barazani. Utani wa vata na vasa ukaanza kama kawaida, wageni wanashangilia. Bwana Alois akakolea. Akawageukia wageni akasema, "Mnajua hiyo lugha yake kwetu tunaiitaje? Lugha ya zizini. Wanaizungumza na ng'ombe." Watu wakacheka, na mie nilicheka. Bi Hedwig hakucheka. Akaweka tonge chini, akanawa, akaingia chumbani, mlango tukausikia. Alinieleza baadaye huku anakunja nguo. Mama yake hakujua lugha nyingine ila ile. Siku ya kwanza shuleni aliomba maji, akasema vata, mwalimu akamzaba kibao mbele ya darasa, akamwambia aende akanywe na ng'ombe. Hakurudi tena shule. "Nilimwambia Alois mambo mengi," akasema, "hilo sikumwambia. Lakini nimelisikia mbele ya watu, na siwezi kulisikia mara ya pili." Alikuwa amepata chumba Mikocheni. Mwisho wa mwezi anahama.

Nawaambia kweli, mie nilichokiona ni masinia mawili yamerudishwa kabatini. Nilikuwa na umri wa kuolewa, hakuna ambaye angenirudisha shule, na shule yangu ilikuwa yule mwanamke na pera na kata ya maji. Mikocheni siku zile kwangu ilikuwa kama ng'ambo. Nilimsihi, akasema atakuja kututembelea. Nilimwendea Bwana Alois, akasema, "Ulikuwa utani. Yeye haelewi utani." Wakawa wanapishana ukumbini kama watu wa nyumba mbili. Uji ukawa unanywewa kimya. Shangazi akasema uani kwake kumekuwa kama hospitali.

Ndipo habari zikafika kazini kwake Bwana Alois kwa simu, kwamba mama yake amefariki huko kwao na wamekwishamzika. Alirudi nyumbani mchana, akakaa kitandani na viatu vyake. Sie hatukumuuliza kwao wanafanyaje. Shangazi alitandika mikeka uani, Mzee Saleh akaleta mchele na kahawa, watu wa mtaa wakaja kumpa pole, wanakaa. Naye akatoka akakaa kwa sababu alitandikiwa. Ila hakula, hakusema, hakulia, macho makavu kama ya samaki wa kukausha. Siku ya pili vilevile. Bi Hedwig alimpa mkono wa pole kama mtu mwingine yeyote, akarudi chumbani kwenye masanduku yake. Mzee Kulwa alikuwa akinywa kahawa, akamwambia shangazi, "Msiba huu umelala. Watani wake wako wapi?" Shangazi akasema, "Mzungu atapata wapi mtani, Kulwa, acha upuuzi." Nami nilimkumbuka Mzee Kulwa alipofiwa shangazi na mumewe, alivyokuja amevaa kanzu ya marehemu, akajitupa njiani akasema jeneza halipiti mpaka alipwe, akaigiza marehemu anavyokohoa, shangazi akacheka katikati ya machozi, na baada ya kucheka ndipo akalia kilio chake hasa. Nikasema kwa sauti, kabla sijajizuia, "Mtani anaye. Yuko chumba cha kushoto."

Wakanitazama. Bi Salha akasema, "Siwema, una wazimu? Hao hata hawaamkiani!" Mzee Kulwa akaweka kikombe. "Ngoja, Bi Salha. Huyu wa vata, yule wa vasa, wamechekana mwaka mzima. Wewe unadhani utani unatoka mbinguni? Babu zetu walianza hivyo hivyo." Shangazi akaninyooshea kidole. "Ukiharibu hapa, mtoto wewe, umeuharibu msiba wa mtu. Siyo jambo dogo." Mie nilikwishafika mlangoni kwa Bi Hedwig.

Alikuwa amekaa juu ya sanduku. Nikamwambia, "Bi Hedwig, mtani wako amefiwa, na wewe umekaa ndani." Akasema, "Sisi hatuna utani kwetu. Na alichosema hakikuwa utani." Nikamwambia, "Hakikuwa utani kwa sababu kilisemwa upande mmoja. Utani ni pande mbili. Yeye amekutukana, na wewe unamdai. Sasa hivi ndiyo siku yako, leo una haki ya kumwambia chochote, hata akitaka kukasirika hana ruhusa." Akauliza, "Na asipocheka?" Nikasema, "Asipocheka utakwenda Mikocheni, na mie nitakubebea sanduku." Akaniangalia sana. Kisha akauliza, "Ovaroli yake iko kwenye kamba?"

Basi hapo ndipo nilipoanzia. Siku ya tatu, watu wamejaa, anatoka ukumbini amevaa ovaroli ya Alois yenye madoa ya grisi, kofia yake, kanga ya shangazi begani, akajitupa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, miguu nje, kichwa ndani. Akaanza kulia kwa sauti nene ya Alois, kwa Kiswahili, "Ooo mama yangu wee! Umekufa umeniacha sijui hata kuomba maji! Mpaka leo nasema vasssa! Nani atanipa vasssa? Hata ng'ombe hawanielewi!" Bi Salha alijiziba mdomo kwa buibui. Mzee Saleh akavuta uradi. Shangazi alinitafuta kwa macho nyuma ya nguzo, na nguzo ilikuwa nyembamba. Bwana Alois aliinuka, uso mwekundu, akapita hata hakumwangalia, akaingia jikoni. Nikasikia mfuniko wa mtungi. Moyoni nikasema, Siwema, umekwisha.

Akatoka na kata imejaa. Akasimama juu yake. "Hii nini?" akamwuliza. Bi Hedwig akajibu toka chini, "Vata." Akammwagia usoni. "Hii nini?" "Vata!" Akammwagia tena. "Mama yangu alikuwa mwanamke wa milimani," akasema, "aliwahi kukimbiza mbwa mwitu kwa ufagio. Sema vasa!" Bi Hedwig, maji yanamtiririka kwenye kofia, akasema, "Na mama yangu alipigwa kibao kwa neno hili, sitalibadilisha kwa ajili ya kata moja. Vata!" Mkono wa Alois ukabaki hewani. Akaelewa, niliona anaelewa. Akasema polepole, "Sikujua." Bi Hedwig akasema, "Sasa unajua. Mwaga basi, kata bado ina maji." Akamwaga yaliyobaki! Mzee Kulwa akapiga vigelegele, mwanamume mzima, na uani pakalipuka. Bi Salha akacheka mpaka buibui likamdondoka, anasema, "Nimeteka miye, nimeteka!" Bwana Alois alicheka ameshika magoti, na kicheko kikageuka kikawa kilio, kilio kikubwa cha mtoto, akakaa chini pale pale kwenye tope. Bi Hedwig akajiburuza akakaa karibu naye, ovaroli inachuruzika. Shangazi aliinuka. Alipakua wali, akaweka sinia moja mbele ya wote wawili, nao wakala.

Masanduku yalifunguliwa siku iliyofuata. Nilisimama mlangoni nikasema, "T imeshikwa mkono." Bi Hedwig akanirushia mto. Yakarudi masinia uani, safari hii na Alois naye anasahihisha, anadai anaibiwa maneno. Ndipo nilipofundishwa ngazi nyingine, ya zamani zaidi, kwamba hata kabla ya kuhama kule kwa milimani kulikuwa na kuhama kwingine. Watu wa Roma ya kale namba kumi waliiita dekem, kwa d. Kwa mama yake Bi Hedwig ni tein, kwa t. Kwa Alois ni tsen. D ikahamia kwa t, t ikahamia kwa ts, kila mmoja anamwachia mwenzake nyumba. Na baba, Warumi walisema pater, kwa p, lakini Wajerumani wote na Waingereza wana f mwanzoni, kwa hiyo hata huyo Hedwig na peper yake wahenga wake walikwishahama siku nyingi! Nilimwambia hivyo. Bwana Alois alinibusu mkono mbele ya watu. Mwaka ule wote niliutembea kama mtu aliyepewa miwani. Nilikuwaga sokoni namsikiliza muuza nyanya, nasema huyu l yake imetoka wapi, huyu anahamia wapi. Mpaka leo nakaa hivyo, Latifa anasema nina udaku. Siyo udaku, nafuatilia wahamiaji.

Wale wawili waliondoka mikataba yao ilipokwisha, kila mmoja kwao, huyu akaoa kwingine, yule akaolewa kwingine. Lakini utani hawakuuacha. Alipofiwa Hedwig na mumewe, Alois alipanda treni toka milimani, akaenda kulala mlangoni kwake. Alois alipomwoza binti yake, Hedwig alikwenda kuiba keki ya harusi, haki ya mtani.

Na sasa alilokuja kunieleza. Bi Hedwig amefariki. Bwana Alois akiwa kibarazani kwangu, kikombe mkononi, akasema alikwenda mazikoni kaskazini na kofia yake ile ya zamani. Watu wakiwa wameinamisha vichwa kimya, alijisogeza mbele na fimbo yake, akatoa chupa ya maji mfukoni, akamwaga juu ya mchanga, na akasema kwa sauti, mbele ya wote, "Vata." Maisha yake yote hakuwahi kulisema neno lile ila kwa kulicheka. Wageni walikunja nyuso, lakini binti wa Hedwig, aliyesimuliwa habari za Temeke toka utoto, alicheka kwa nguvu, kisha akalia. "Hedwig amenishinda, Siwema," Bwana Alois akaniambia. "Na kule baada ya mazishi walikunywa kahawa wakaenda nyumbani. Sikuwa na mahali pa kukaa." Mie nikainuka, nikamwambia Latifa aache simu atandike mkeka.

Tulikaa siku tatu. Majirani wa Kinyerezi walikuja kumpa pole mzee wasiyemjua kwa msiba wa mtu wasiyemjua, wakala wali. Wa uani kule wengine wote wametangulia, shangazi, Bi Salha, Mzee Saleh, Mzee Kulwa, tumebaki yeye na mie. Kwa hiyo kama wewe unayesoma ni mtoto wa Mzee Saleh, au mjukuu wa Mzee Kulwa, au mlikuwa wageni wa Idi ile, nisahihishe mahali niliposahau. Huenda pilau haikuwa ya mbuzi. Huenda kanga haikuwa ya shangazi, ilikuwa ya Bi Salha, na huenda alimwagiwa mara nyingi kuliko nilivyosema, maana nilikuwa nyuma ya nguzo na nilikuwa nacheka. Njooni Kinyerezi mniambie, maji ya kunywa yapo. Mtayaita mnavyoyaita kwenu.